Maria Callas na Mabishano juu ya Sauti Ifaayo

Katika mwezi wa Januari, mwaka wa 1949, nyumba ya opera iitwayo La Fenice, katika mji wa Venice, nchini Italia, ilipatwa na shida. Margherita Carosio, mwimbaji aliyetazamiwa kuimba sehemu ya Elvira katika I puritani, opera ya Vincenzo Bellini, aliugua, na siku ya onyesho ilikuwa karibu. Wakati ule ule, katika nyumba ile ile, mwanamke wa miaka 25, Maria Callas, alikuwa akiimba sehemu ya Brünnhilde katika Die Walküre ya Wagner. Tullio Serafin, kiongozi wa muziki, alimtaka ajifunze sehemu ya Elvira kwa siku chache, aiimbe badala ya mgonjwa. Tarehe 19 Januari Callas aliiimba, siku tatu tu baada ya kuimba Wagner kwa mara ya mwisho katika msimu ule.

Ili msomaji aelewe kwa nini jambo hili liliwashangaza Waitaliano, hapana budi kueleza tofauti ya kazi hizi mbili. Brünnhilde ni shujaa wa kike, binti wa mungu. Sauti yake hushindana na kundi kubwa la wapiga ala, nayo lazima ivuke uvumi wao kama ukelele wa nahodha uvukavyo uvumi wa mawimbi. Elvira ni msichana aliyepotewa na akili kwa sababu ya mapenzi. Wimbo wake una noti nyingi ndogo ndogo, zipandazo na kushuka mbio kwa pumzi moja, nao hutaka wepesi na utulivu. Kwa muda mrefu nyumba za opera zilikuwa zikiwapa waimbaji wa namna mbili sehemu hizi: wenye sauti nzito waliimba Wagner, wenye sauti nyepesi waliimba Elvira. Mtu aliyeziimba zote mbili katika juma moja alionekana kama mchukuzi wa magunia bandarini ambaye jioni huketi kutarizi kofia.

Tangu usiku ule wapenzi wa opera waligawanyika. Swali lao lilikuwa moja: je, sauti ya Callas ilifaa kwa opera za bel canto? Neno hili la Kitaliano, ambalo maana yake ni kuimba kuzuri, hutumiwa aghalabu kwa opera za Rossini, Bellini na Donizetti, zilizotungwa katika nusu ya kwanza ya karne ya 19, ambazo ndani yake sauti ya mwanadamu ndiyo mtawala na ala ni watumishi wake.

Waliosema haifai walikuwa na hoja nzito. Kwanza, walisema, sauti yenyewe haikuwa nzuri. Ilisikika kama imefunikwa utaji, na mara nyingine ilikuwa kali kama siki. Pili, haikuwa sauti moja bali tatu: ya chini iliyotoka kifuani, ya kati iliyokuwa na giza, na ya juu iliyong'aa kama upanga, na mwimbaji alipotoka katika moja kwenda katika nyingine, sikio lilihisi kizingiti. Tatu, noti za juu kabisa zilitikisika zilipoimbwa kwa nguvu. Mtu aimbaye bel canto, walisema watu hawa, sharti sauti yake iwe sawasawa toka chini hata juu, kama uzi wa lulu ambazo zote ni za ukubwa mmoja. Kwao, kumpa Callas sehemu ya Elvira au ya Amina katika La sonnambula kulikuwa sawa na kuvunja adabu ya sanaa.

Waliomtetea hawakukana kasoro hizo. Walijibu kwa mithali ambayo kila taifa lina namna yake ya kuisema, nayo kwa Kiswahili husemwa: kizuri hakikosi ila. Walionyesha kuwa mwanamke huyu, mwenye sauti kubwa, aliweza kuimba noti ndogo ndogo kwa usahihi ambao wenye sauti nyepesi wengi hawakuufikia. Tena walisema kuwa kwake mapambo ya wimbo hayakuwa mapambo matupu. Msururu wa noti ulikuwa kilio, au hasira, au kicheko cha mtu aliyerukwa na akili, kwa kadiri ya maneno yaliyoimbwa. Alikuwa amefundishwa Athens na Elvira de Hidalgo, mwimbaji wa Kispania aliyekuwa na sauti nyepesi na aliyezijua opera hizo vizuri. Kwa hiyo ufundi wake haukuwa wa kubahatisha.

Mabishano haya yangeweza kubaki ya mashabiki tu, na kwa sehemu kubwa yalikuwa hivyo. Mwamba ngoma huvutia kwake. Katika miaka ya 1950 mjini Milan, wako waliompinga Callas kwa kuwa walimpenda Renata Tebaldi, na wako waliompinga Tebaldi kwa kuwa walimpenda Callas. Watu hao hawakuhitaji hoja. Lakini chini ya kelele palikuwa na swali la kweli la historia: kipimo kile cha sauti sawasawa na nyepesi kilitoka wapi? Je, ndicho kipimo walichokitumia watunzi wenyewe?

Jibu lapatikana kwa kumtazama mwimbaji ambaye sehemu hizo alitungiwa. Giuditta Pasta alizaliwa mwaka wa 1797 huko Saronno, karibu na Milan. Tarehe 26 Desemba, 1830, aliimba kwa mara ya kwanza sehemu ya malkia katika Anna Bolena ya Donizetti. Tarehe 6 Machi, 1831, aliimba Amina, msichana wa kijijini, katika La sonnambula. Tarehe 26 Desemba mwaka ule ule aliimba Norma, kuhani wa kike anayewaongoza watu wake na kuwaficha watoto aliozaa na adui. Basi katika muda wa mwaka mmoja kamili, koo moja ilizaa sehemu tatu ambazo karne iliyofuata ilizigawa kati ya waimbaji wa aina mbalimbali.

Na sauti ya Pasta ilikuwaje? Mwandishi Mfaransa Stendhal, aliyemsikia Paris, alimwandikia sura nzima katika kitabu chake cha maisha ya Rossini, kilichotoka mwaka wa 1824. Alikiri kuwa sauti hiyo haikuwa ya namna moja toka chini hata juu. Lakini yeye hakuihesabu hali hiyo kuwa aibu. Alitoa hoja kuwa mwimbaji mwenye rangi nyingi za sauti ana njia nyingi za kueleza mambo ya moyo, na kwamba Pasta alijua kuzitumia rangi hizo kwa makusudi. Hoja hii, iliyoandikwa miaka 125 kabla ya usiku ule wa Venice, ndiyo waliyoisema watetezi wa Callas.

Zaidi ya hayo, hata Pasta alikuwa na shaka juu ya kufaa kwake. Yasimuliwa kuwa alipopewa wimbo wa Casta diva katika Norma, alisema haukupatana na sauti yake, na Bellini alimwomba aujaribu kwa siku kadhaa kabla ya kuukataa. Aliujaribu, akaukubali. Usiku wa kwanza opera hiyo haikupokewa vizuri. Baadaye tu ndipo ilipopata heshima yake. Basi swali la nani afaaye kuimba Norma lina umri sawa na Norma yenyewe.

Kipimo cha sauti nyepesi kilikuja baadaye, nacho kilikuwa na sababu zake. Baada ya miaka ya 1840 makundi ya wapiga ala yalizidi ukubwa, na opera za Verdi na Wagner zilitaka sauti za nguvu. Waimbaji wakaanza kujitenga kwa kazi, kama mafundi wa mji mkubwa: huyu wa nguvu, yule wa wepesi. Norma ikabaki kwa wenye sauti nzito, kama Lilli Lehmann wa Ujerumani, aliyeimba Wagner pia, na Rosa Ponselle wa Marekani, aliyeiimba New York mwaka wa 1927. Lucia na Amina wakachukuliwa na wenye sauti nyepesi, kama Luisa Tetrazzini na Amelita Galli-Curci, waliosifiwa kwa noti za juu na wepesi wa koo. Hata mashindano maarufu ya sauti na filimbi katika wazimu wa Lucia hayakuandikwa na Donizetti. Yalitiwa mwishoni mwa karne ya 19, wakati ambapo wasikilizaji walipenda kusikia mwimbaji akicheza na ala kama ndege na mwangwi wake. Waliomhukumu Callas kwa kipimo hicho walidhani wanalinda desturi ya watunzi, kumbe walikuwa wakilinda desturi ya babu zao wenyewe.

Hapo ndipo faida ya mabishano ilipoonekana, kwa maana mambo yaliyokuwa hatarini hayakuwa sifa za mtu mmoja tu. Maadamu watu waliamini kuwa opera hizo ni za sauti nyepesi na mapambo matupu, opera zilizokuwa na uzito wa huzuni zilikosa mwimbaji, na opera isiyo na mwimbaji ni karatasi. Mwaka wa 1952 Callas aliimba Florence Armida ya Rossini, opera ya mwaka wa 1817 ambayo karibu hapana aliyekuwa akiikumbuka. Anna Bolena ilifufuliwa Bergamo, mji alikozaliwa Donizetti, mwaka wa 1956. Mwaka uliofuata Callas aliiimba La Scala, Milan, chini ya uongozi wa Luchino Visconti jukwaani na Gianandrea Gavazzeni katika muziki, nayo ikajulikana kote. Mwaka wa 1958 aliimba huko Il pirata ya Bellini. Baada yake wengine, kama Leyla Gencer, Joan Sutherland na Montserrat Caballé, waliingia katika mlango huo, na opera kadhaa zilizokuwa zimelala makabatini zikarudi kwa watu.

Hata hivyo, haki yataka hoja ya wapinzani isisahauliwe. Walionya kuwa sauti inayobebeshwa mizigo ya namna nyingi haitadumu, na sauti ya Callas haikudumu. Tarehe 2 Januari, 1958, mjini Rome, mbele ya Rais Giovanni Gronchi, aliimba tendo la kwanza la Norma akiwa mgonjwa, akashindwa kuendelea. Watu wakamtukana kama mtu aliyewaibia. Mwezi wa Mei, 1965, mjini Paris, Norma ile ile ilimshinda tena katikati ya onyesho. Mwezi wa Julai mwaka huo aliimba Tosca London, naye hakuonekana tena katika opera jukwaani. Alikuwa na miaka 41. Wako wasemao sababu ni kazi nyingi za ujanani. Wako wasemao ni kupungua kwa mwili wake katika mwaka wa 1953 na 1954. Ubishi huo haujapata mwamuzi. Lakini yafaa kukumbuka kuwa sauti ya Pasta nayo ilichoka mapema, na katika miaka ya 1830 walikuwapo waliolalamika kuwa haishiki tuni. Huenda sehemu hizo zina gharama, na anayezilipia ni mwimbaji, si mshabiki.

Wala wapinzani hawakukosa mtu wao. Tarehe 17 Februari, 1959, Joan Sutherland wa Australia aliimba Lucia katika Covent Garden, London, Serafin yule yule akiongoza. Yeye pia alianza kwa kutazamiwa kuwa mwimbaji wa Wagner, mpaka mumewe, Richard Bonynge, alipomgeuzia kwenye bel canto. Sauti yake ilikuwa kubwa, safi na sawasawa, na mtetemo wake wa noti ulikuwa wa ajabu. Waliotaka uzi wa lulu waliupata. Lakini mara wakatokea wa kulalamika kuwa maneno yake hayasikiki, na kwamba huzuni ya Lucia imezama katika uzuri wa sauti. Lawama iligeuka upande, mabishano yakabaki yale yale.

Nayo yangaliko katika karne hii. Mwaka wa 2013, huko Salzburg, Cecilia Bartoli, ambaye kwa desturi ya leo huhesabiwa kuwa na sauti ya chini ya soprano, aliimba Norma, na sehemu ya Adalgisa, aliye mdogo kwake, ikaimbwa na soprano mwenye sauti nyepesi. Wako waliosema mpango huo ni kupindua mambo. Waliosoma historia walijibu kuwa mwaka wa 1831 Adalgisa aliimbwa na Giulia Grisi, soprano kijana ambaye miaka mitatu baadaye Bellini alimtungia Elvira katika I puritani, yaani sehemu ile ile iliyoanzisha ugomvi wa Venice.

Yaliyopita katika mabishano haya yaonyesha kuwa neno kufaa lina maana mbili, na mashabiki wengi walizichanganya. Sauti yaweza kufaa kwa sababu yapendeza sikio lililozoea namna fulani, au yaweza kufaa kwa sababu yatimiza kazi ambayo mtunzi aliiandika. Opera za Bellini na Donizetti zataka yote mawili, uzuri wa sauti na ukweli wa neno, na ni nadra koo moja kujaliwa yote kwa kipimo sawa. Callas alitoa la pili kwa wingi na la kwanza kwa taabu. Sahani zake za santuri zipo, tangu zile za mwaka wa 1949, na kila msikilizaji apendaye aweza kuzisikiliza na kuhukumu. Lakini kabla ya kuhukumu, ajiulize kwanza ni kipimo cha nani alichokishika mkononi.