Barua Iliyogeuzwa Picha

Kijana wa steshenari alifungua faili la tasnifu yangu, akafika kwenye viambatisho, kisha akanigeukia. "Kaka, hizi herufi zako zimevurugika."

Alisema kweli. Nilikuwa nimechapa barua ya Kiswahili iliyoandikwa kwa herufi za Kiarabu. Kwenye kompyuta yangu herufi zilishikana vizuri, kutoka kulia kwenda kushoto. Kwenye yake kila herufi ilisimama peke yake, na mstari ulianzia kushoto. Zilibaki siku mbili nikabidhi kazi.

"Tugeuze picha," alisema. "Picha haivurugiki."

Baada ya dakika chache ukurasa ulikuwa JPEG. Nilifika nyumbani ndipo nikaona kasoro. JPEG, iliyopitishwa kuwa kiwango cha kimataifa mwaka 1992, ilibuniwa kwa ajili ya picha za kamera. Hupunguza uzito wa faili kwa kutupa vitu vidogo ambavyo jicho halitavikumbuka. Kwenye sura ya mtu hasara hiyo haionekani, lakini kwenye maandishi kingo za herufi huingia ukungu. Na kwa herufi za Kiarabu nukta ndiyo herufi yenyewe: katikati ya neno, nukta moja chini ni ba, moja juu ni nuni, mbili juu ni ta. Nikarudia kwa PNG, ambayo haitupi kitu, kwa nukta 300 kwa inchi.

Usiku ule nilijiuliza ni nani mwingine aliyewahi kugeuza maandishi kuwa picha kwa sababu njia nyingine zilifungwa. Jibu lilinipeleka Ufaransa, mwaka 1870.

Septemba ya mwaka ule majeshi ya Prussia na washirika wake yaliuzingira mji wa Paris. Barua zilitoka kwa maputo, lakini puto huenda linakopelekwa na upepo. Kurudi mjini halikuweza. Walioweza kurudi ni njiwa, na njiwa habebi gunia la posta. Novemba, mpiga picha René Dagron alitoka Paris kwa puto na kufika mji wa Tours. Kule ujumbe wa watu ulipangwa kwa herufi za chapa, kurasa zikapigwa picha na kupunguzwa mno, zikahamishiwa kwenye utando mwembamba uliobeba maelfu ya ujumbe. Tando kadhaa zilisokotwa, zikatiwa ndani ya bua la unyoya, na bua likafungwa kwenye mkia wa njiwa.

Njiwa zaidi ya 300 walirushwa. Waliofika hawakutimia hata 100. Baridi, mwewe na risasi viliwamaliza wengine. Lakini picha hunakilika, na ujumbe uleule ulitumwa tena na tena hadi nakala moja ipenye.

Kilichonishika zaidi ni kilichotokea baada ya njiwa kutua. Utando ulikunjuliwa, ukabanwa kati ya vioo viwili, ukamulikwa kwa taa ukutani. Mbele ya ukuta waliketi makarani wenye kalamu, wakisoma na kunakili kwa mkono, neno kwa neno, ili kila ujumbe upelekwe kwa mwenyewe. Picha ilivuka mstari wa vita, lakini haikuweza kujisoma. Ilimhitaji mtu wa kuirudisha kuwa maneno.

Hapo nikaelewa kwamba kazi yangu haijaisha, maana mimi ndiye karani wa barua ile.

Iliandikwa na baba yake bibi yangu mwaka 1357 Hijria, kutoka Unguja kwenda kwa ndugu yake Lamu. Alikuwa mfanyabiashara wa papa mkavu. Baba yake mzazi alikuwa mgonjwa kule Lamu, na akafa msimu uleule. Katikati ya barua kuna ombi: nijulishe habari za fulani kabla kaskazi haijakatika. Mahali pa "fulani" pana neno moja: ba, alifu, ba.

Waandishi wetu wa zamani mara nyingi walitumia ba kwa sauti ya b na ya p pia. Wengine waliongeza nukta tatu kuonyesha p, lakini yeye hakuwa na desturi hiyo. Kwa hiyo neno lile ni "baba", na vilevile ni "papa". Kwa zaidi ya miaka 80 ukoo wetu umegawanyika: wako wanaosema alimuulizia mzee wake, na wako wanaosema aliulizia mzigo.

Picha haiamui. Ndiyo maana ina thamani, na ndiyo maana haitoshi: pale maktaba, mtu akitafuta neno kwenye tasnifu yangu, kompyuta itaipita picha ile kama doa. Lazima niiandike kwa herufi za Kilatini, na herufi za Kilatini hazina neno la kukaa katikati. Ukiandika, umehukumu.

Nilimpigia bibi. Akanyamaza kidogo.

"Andika baba, mume wangu," alisema. "Waliomsema vibaya wote wamekwisha kufa."

Mwanahistoria haandiki kwa kuombwa. Chini ya picha niliweka usomaji wa aina mbili, baba na papa, na maelezo kwamba hati haitoi ushahidi wa kuchagua. Profesa wangu aliridhika.

Mwezi uliopita nilimpelekea bibi nakala iliyojalidiwa. Macho yake hayaoni tena maandishi madogo, akaniomba nimsomee barua ya baba yake kwa sauti. Nikafungua kiambatisho na kuanza. Nilipofika kwenye ba, alifu, ba, maelezo yangu yote yalikuwa pale chini ya picha, na mdomo una nafasi ya neno moja tu.

Nilisoma "baba".