Harufu mbaya ndani ya ndege: inatoka wapi, na ishughulikiwe vipi bila kumvunjia mtu heshima

Mnamo Mei 29, 2018, ndege ya shirika la Transavia iliyokuwa ikitoka kisiwa cha Gran Canaria, Uhispania, kwenda Amsterdam, Uholanzi, ilikatiza safari na kutua katika mji wa Faro, kusini mwa Ureno. Tatizo halikuwa injini wala hali ya hewa. Abiria walikuwa wakilalamika kwamba mwenzao mmoja alikuwa akitoa harufu isiyovumilika. Habari hiyo ilienea duniani kama kichekesho, na wengi waliisimulia kama kisa cha mtu asiyeoga. Baadaye ilibainika kwamba abiria huyo, mwanamuziki wa Urusi Andrey Suchilin, alikuwa mgonjwa mahututi, na nyama za mwili wake zilikuwa zikioza kutokana na maambukizi. Alifariki dunia hospitalini nchini Ureno mwezi Juni mwaka huohuo.

Visa vya kufikia kiwango hicho ni nadra, lakini kero yenyewe ni ya kawaida. Anayesafiri kutoka Nairobi, Entebbe, Kigali au Dar es Salaam kwenda Mumbai, Dubai au Ulaya hukaa saa nyingi bega kwa bega na mtu asiyemfahamu, wala hawezi kufungua dirisha au kushuka njiani. Anayekerwa na harufu ana haki ya kutafuta nafuu. Anayeitoa naye ana haki ya kutodhalilishwa, hasa kwa kuwa mara nyingi hajui, au hana uwezo wa kuizuia.

Hewa ya ndege inavyozunguka

Watu wengi huamini kwamba hewa ya ndege ni ileile inayozungushwa tangu kuruka hadi kutua. Sivyo ilivyo. Katika ndege nyingi kubwa za abiria, takriban nusu ya hewa inayoingia chumbani hutoka nje, na nusu nyingine ni hewa ya ndani iliyopitishwa kwenye vichujio vya HEPA. Hewa yote ya chumba hubadilishwa kati ya mara 20 na 30 kwa saa.

Hata hivyo, vichujio hivyo vilibuniwa kunasa chembechembe, kama vile vumbi, bakteria na matone yenye virusi. Harufu ni gesi, na gesi hupenya kwenye kichujio cha namna hiyo isipokuwa kimeongezewa mkaa maalumu wa kuifyonza. Ndiyo maana hewa inaweza kuwa salama kwa afya na bado ikanuka.

Jambo la pili lenye faida kwa msafiri ni mwelekeo wa hewa. Hewa huingia kutoka juu, karibu na dari, na kutolewa chini, karibu na sakafu, katika safu zilezile za viti. Haisafiri sana kutoka mbele kwenda nyuma. Kwa hiyo harufu ya abiria mmoja huwasumbua zaidi walio jirani naye, na kuhama safu chache tu mara nyingi kunatosha. Harufu pia huzidi ndege ikiwa ingali chini, milango imefungwa na mtambo wa hewa haujafanya kazi kwa nguvu zake zote. Kero ya dakika kumi za mwanzo huweza kupungua yenyewe baada ya kuruka.

Vyanzo vya harufu

Jasho lenyewe, linapotoka mwilini, halina harufu kali. Kikwapa hutokea pale bakteria walio juu ya ngozi wanapolivunjavunja jasho hilo. Nguo za polista hushika harufu hiyo kuliko nguo za pamba. Msafiri aliyekimbilia ndege ya pili baada ya kukesha uwanjani anaweza kunuka ingawa ni mtu safi.

Chanzo cha pili ni tumbo. Ndege inapokuwa juu, shinikizo la hewa ndani yake hulingana na lile la mlimani, mita 1,800 hadi 2,400 juu ya usawa wa bahari. Shinikizo likipungua, gesi hutanuka. Gesi iliyomo tumboni inaweza kuongezeka ujazo kwa karibu theluthi moja, na huko kutanuka hutafuta njia ya kutokea. Mwaka 2013 daktari wa Denmark, Jacob Rosenberg, na wenzake walichapisha makala juu ya suala hilo katika jarida la madaktari la New Zealand. Walieleza kwamba kuzuia gesi huleta maumivu na tumbo kujaa, na kwamba viti vya kitambaa hufyonza harufu vizuri zaidi kuliko vya ngozi.

Chanzo cha tatu ni mizigo. Ng'onda, papa mkavu na dagaa ni zawadi za heshima kwa ndugu walio mbali, lakini shombo ya samaki haijui mipaka ya begi. Tunda la doriani, ambalo Wazanzibari wanalijua vyema, lina sifa ya namna hiyohiyo. Novemba 2018, ndege ya shirika la Sriwijaya Air ilichelewa kuondoka Bengkulu, Indonesia, baada ya abiria kukataa kusafiri na shehena ya takriban tani mbili za doriani. Ndege iliondoka baada ya mzigo huo kushushwa.

Manukato nayo yamo katika orodha hii. Kwa watu wa pwani na wa Ghuba, kufukiza nguo kwa udi na kujipaka marashi kabla ya safari ni adabu. Lakini katika nafasi finyu manukato makali huweza kumwamshia mwenye pumu au kipandauso maradhi yake. Harufu inayomtukuza mmoja huweza kumtesa mwenziwe.

Kwa nini mwenyewe hajui

Pua ya binadamu huzoea. Harufu isiyobadilika ikiendelea kwa dakika kadhaa, ubongo huacha kuitilia maanani, ili uweze kutambua harufu mpya inayokuja. Kwa sababu hiyo, mtu anayenuka ni wa mwisho kujua. Waswahili walisema zamani kwamba nyani haoni kundule, na hapa methali hiyo inakubaliana na maumbile. Anayedhani jirani yake ananuka kwa dharau au kwa makusudi huwa amekosea mara nyingi.

Si kila harufu inatoka kwa jirani

Kabla ya kumtazama mtu kwa jicho baya, msafiri anapaswa kujiuliza ni harufu ya namna gani. Katika ndege nyingi hewa ya nje hupitia kwenye injini kabla ya kufika chumbani. Ikitokea mafuta ya kulainishia injini yamevuja na kuingia katika hewa hiyo, harufu inayosikika mara nyingi hufananishwa na soksi chafu. Harufu ya soksi inayotokea ghafla na kuenea safu nyingi kwa pamoja haielekei kuwa ya miguu ya mtu mmoja, na mhudumu aarifiwe mara moja. Ndivyo ilivyo pia kwa harufu ya moshi, ya plastiki inayoungua au ya mafuta ya ndege. Hapo hakuna kuona haya, kwa kuwa jambo hilo linahusu usalama wa wote.

Ipo pia harufu inayoashiria hatari kwa maisha ya jirani mwenyewe. Mgonjwa wa kisukari ambaye sukari yake imepanda kupita kiasi anaweza kutoa pumzi inayonukia kama matunda yaliyoiva mno au kama dawa ya kufutia rangi ya kucha. Akiwa pia anahema kwa kasi, anatapika au anaongea maneno yasiyoeleweka, watu huweza kudhani amelewa, kumbe anahitaji daktari kwa dharura. Kumwita mhudumu wakati huo huweza kuokoa maisha.

Hatua za kuchukua

Hatua ya kwanza ni tundu la hewa lililo juu ya kiti. Likifunguliwa na kuelekezwa mbele kidogo ya uso, hewa yake hushuka kama pazia na kuisukuma harufu kuelekea sakafuni. Barakoa husaidia pia, hasa ikitiwa tone moja dogo la mafuta ya mkaratusi au mnanaa kwa upande wa nje. Karafuu moja mdomoni huburudisha pumzi ya mtafunaji na kumpa pua yake harufu nyingine ya kushughulika nayo. Kupulizia marashi hewani si suluhisho, kwa sababu harufu mbili hukutana na kuwa kero ya tatu.

Hatua ya pili ni kumwona mhudumu wa ndege, na ni vyema kufanya hivyo mapema, kabla milango haijafungwa, kwa kuwa viti vilivyo wazi huwa bado vinajulikana. Abiria ainuke na kwenda sehemu ya wahudumu, asiitamke shida yake juu ya kichwa cha mwenziwe. Maneno machache yanatosha: "Dada, samahani, nina shida ndogo ya faragha. Nilipoketi pananiwia vigumu kwa sababu ya harufu. Je, kuna kiti kingine?" Ombi la namna hiyo linahusu kiti, halimshtaki mtu.

Abiria asihame kwa hiari yake bila kuuliza. Katika ndege ndogo, kama Cessna Caravan zinazovuka kati ya Dar es Salaam na Zanzibar, uzito wa abiria hupangwa ili ndege isiegemee upande. Hata katika ndege kubwa wahudumu wanaweza kuwa na sababu ya kuacha safu fulani wazi.

Ndege ikiwa imejaa, mhudumu ana njia nyingine, kama kumwomba abiria mwingine abadilishane kiti, kutoa blanketi, au kuzungumza na mhusika pembeni. Kazi hiyo ya kuzungumza ni bora aachiwe yeye. Isipokuwa kwa jambo dogo linaloondoka papo hapo, mfano viatu vilivyovuliwa, jirani anaweza kusema mwenyewe kwa upole. Kwa kijana mwenzake: "Kaka, samahani, nakuomba uvae viatu, pua yangu ni dhaifu." Kwa mtu mzima ni vyema kutanguliza shikamoo kabla ya ombi.

Ugomvi haufai kamwe. Rubani mkuu ana mamlaka juu ya utulivu ndani ya ndege, na anayepiga kelele anaweza kushushwa yeye, hata kama malalamiko yake yalikuwa ya kweli.

Mgonjwa naye ni abiria

Kila mwaka wagonjwa kutoka Afrika Mashariki husafiri kwa ndege kwenda kutibiwa, wengi wao India. Miongoni mwao wamo wenye vidonda vya saratani, wenye figo zilizoshindwa kazi, ambao pumzi yao huweza kunuka kama mkojo, na wenye mifuko ya kupokea kinyesi baada ya upasuaji wa utumbo. Wamo pia wanawake wenye fistula ya uzazi, ambao mkojo au kinyesi huwavuja bila hiari. Ugonjwa huo hutibika, na hospitali ya CCBRT jijini Dar es Salaam ni miongoni mwa zinazoutibu, lakini wengi hujificha kwa miaka kwa kuogopa macho ya watu.

Sheria za baadhi ya nchi zimezingatia jambo hili. Nchini Marekani, masharti ya mashirika kadhaa yanaruhusu kumkataa abiria mwenye harufu kali. Hata hivyo, kanuni zinazotokana na sheria ya mwaka 1986 ya haki za wasafiri wenye ulemavu zinakataza kumnyima mtu safari kwa sababu tu ulemavu wake unawakera au kuwasumbua wengine.

Mgonjwa au ndugu yake anaweza kujikinga na aibu kwa maandalizi. Shirika la ndege likiarifiwa mapema, hutoa fomu ya afya inayojazwa na daktari, na huweza kupanga kiti cha pembeni karibu na choo. Kidonda kifungwe upya muda mfupi kabla ya safari. Zipo bendeji zenye tabaka la mkaa la kufyonza harufu, na daktari au muuguzi anaweza kushauri. Mwenye mfuko aumwage kabla ya kupanda, kwa kuwa gesi iliyomo ndani yake itatanuka, na awe na vifaa vya akiba katika mzigo wa mkononi. Vimiminika katika mzigo huo kwa kawaida visizidi mililita 100 kwa kila chupa, ila dawa huruhusiwa zaidi zikiambatana na cheti cha daktari.

Maandalizi ya kila msafiri

Kwa aliye mzima, wajibu ni mwepesi: kuoga na kuvaa soksi safi, kubeba fulana ya kubadilisha iwapo safari ina vituo, na kupunguza maharage, kabichi na soda siku ya safari. Tumbo likijaa, ni bora kuinuka na kwenda chooni kuliko kujizuia. Samaki wakavu wafungwe katika mifuko kadhaa isiyopitisha hewa na kuwekwa katika mzigo wa chini, baada ya kuhakikisha nchi ya kufikia inawaruhusu.

Kubwa zaidi ni simu. Picha ya mtu aliyelala akiwa amevua viatu, au ya mgonjwa anayeshushwa, husambaa kabla ndege haijatua na haiwezi kurudishwa. Anayetaka kulalamika aliandikie shirika, ataje namba ya safari, namba ya kiti chake na msaada alioomba kwa wahudumu. Hayo yanatosha kwa shirika kuchukua hatua, na hayahitaji sura ya mtu.