Jina la Bosi Lipo, la Aliyebinya Je?

Wadau, mkiona picha ya kabati la kale la Kimarekani, cheki vile vishikio vya glasi kwenye droo. Vya duara, vina nakshi, vinang'aa kama barafu. Leo watu wanavikusanya kama vito.

Sasa iko hivi. Zamani glasi ilipulizwa kwa mdomo, nakshi zikachongwa moja moja. Kazi ya muda mrefu, bei ya tajiri. Mwaka 1825 John Palmer Bakewell wa Pittsburgh akapata hataza, yaani kibali cha serikali kwamba ubunifu ni wako, ya kubinya vishikio vya fanicha. Glasi ya moto inaingia kwenye kalibu, inabinywa, inatoka na maua yake tayari. Muda si mrefu vikombe na sahani navyo vikabinywa.

Wapulizaji wakaona ugali wao unaondoka. Inasimuliwa kuwa Deming Jarves, bosi wa kiwanda cha Sandwich, Massachusetts, alitishiwa maisha na mafundi wake, akajificha wiki sita.

Tunawaita wapinga maendeleo. Mimi nawaelewa. Ukitumia miaka kujifunza kazi, halafu kalibu inakuja kuifanya kwa dakika, utacheka?

Geuza baadhi ya vishikio vile, nyuma kuna jina la Bakewell. La aliyesimama mbele ya tanuri akabinya, halipo. Na baadhi ya waliofanya kazi kwenye viwanda vile walikuwa watoto.

Wewe ungekuwa upande gani? Tiririka hapo chini.