Surua na Kumbukumbu ya Mwili

Mara nyingi tumesikia wazazi wakisema ya kuwa surua ni ugonjwa wa watoto, nao huja mara moja tu maishani. Basi mtoto na augue mapema, apate kuwa salama. Katika neno hili mna kweli, tena mna kosa, na kosa hilo limewapeleka watoto wengi kaburini. Leo twapenda kuwaeleza wasomaji wetu jinsi ile kweli ilivyothibitishwa, na jinsi kosa lilivyokuja kufunuliwa baada ya miaka mingi. Habari yenyewe yaanzia mbali, katika visiwa vya baridi.

Visiwa vya Faroe vimo katika bahari ya kaskazini ya Ulaya, kati ya Uskoti na Iceland, navyo ni vya ufalme wa Denmark. Mwaka 1781 surua iliingia huko, kisha ikatoweka kabisa. Kwa muda wa miaka 65 haikuonekana tena. Watoto wakazaliwa, wakakua, wakaoa na kuolewa, wakapata wajukuu, pasipo kuujua ugonjwa huo. Hata mwaka 1846, tarehe 20 Machi, fundi seremala mmoja akaondoka Copenhagen, akafika Tórshavn, mji mkuu wa visiwa, tarehe 28. Njiani alikuwa mzima, lakini mwanzo wa Aprili akashikwa na surua. Kisha wakaugua rafiki zake wawili, na kutoka hapo ugonjwa ukaenea kama moto katika nyasi kavu. Wakati ule visiwani walikuwako watu 7,782, na katika muda wa miezi michache walioshikwa walizidi 6,000, wakubwa kwa wadogo.

Serikali ya Denmark ikapeleka waganga. Mmoja wao, Peter Ludvig Panum, alikuwa kijana wa miaka 25. Huyu aliona ya kuwa vijiji vile vyaweza kumfundisha jambo lisilofundishika katika miji mikubwa; maana kijijini kila mtu ajulikana, na siku aliyofika mgeni haisahauliki. Basi akaenda kijiji kwa kijiji akiuliza: Nani aliyeugua kwanza? Alikutana na nani? Siku gani? Akapata habari ya wanaume kumi wa kijiji cha Tjørnuvík, waliokwenda kwa mashua mpaka Vestmanna tarehe 4 Juni kuvua nyangumi pamoja na watu wengine. Tarehe 18 Juni wote kumi wakatokwa na vipele. Kwa habari kama hizi Panum akatambua ya kuwa tangu mtu kuambukizwa hata vipele kutokea hupita siku 13 au 14, na ya kuwa surua hutoka kwa mtu ikaenda kwa mtu.

Lakini jambo kubwa zaidi alilojifunza kwa wazee. Walikuwako bado watu walioiugua surua ile ya mwaka 1781, walipokuwa watoto. Panum aliwaona kwa macho yake wazee 98 wa namna hiyo, wala hakuna hata mmoja aliyeugua mara ya pili, ingawa nyumbani mwao wana na wajukuu walikuwa wamelala kitandani. Bali wazee ambao hawakuiugua utotoni, umri wao haukuwafaa kitu. Nao walishikwa kama watoto. Hivyo ilionekana wazi ya kuwa si uzee uliowalinda wale 98. Miili yao ilikuwa imemkumbuka adui kwa muda wa miaka 65.

Mwili hukumbukaje? Panum hakuweza kujua, maana adui mwenyewe alikuwa hajaonekana. Mwaka 1911, huko Marekani, Goldberger na Anderson walionyesha kwa nyani ya kuwa kitu kiletacho surua ni kidogo hata hupita katika chujio linalozuia bakteria. Mwaka 1954, mjini Boston, Enders na Peebles wakafaulu kukikuza. Ni kirusi.

Kirusi hakili, wala hakikui, wala hakiwezi kuzaa peke yake. Twaweza kukifananisha na barua ya maagizo iliyotiwa katika bahasha. Nje ya mwili barua hiyo haina kazi. Lakini ikiingia katika seli, yaani chembe ndogo ya uhai ambayo kwa wingi wake mwili umejengwa, seli huyasoma maagizo yale kana kwamba ni ya bwana wake mwenyewe, ikaanza kutengeneza virusi vipya kwa maelfu.

Ila kila kirusi chahitaji mlango wake. Kirusi cha surua huingia kwa pumzi, na hapo twaona hila yake: huwashika kwanza walinzi wenyewe. Juu ya seli za ulinzi pana kitu ambacho kirusi hukikamata kama mkono ukamatavyo kitasa cha mlango. Wataalamu wa Japani walikitambua mwaka 2000. Walinzi wakiisha kutekwa humchukua adui mpaka katika tezi, mahali wakusanyikapo walinzi wenzao. Huko virusi huzidi, kisha huenda na damu mwilini mwote, na mwisho hurudi katika njia ya pumzi, ili mgonjwa akikohoa awape na wengine.

Hata hivyo mwili haukai kimya. Walinzi waliosalia humjifunza adui. Wengine hutengeneza kingamwili, ambazo humganda kirusi kisipate kuingia katika seli. Wengine huziua seli zilizokwisha kutekwa. Vile vipele tuvionavyo ni alama ya vita hivyo katika ngozi. Vita vikiisha, askari wengi hufa, lakini wachache hubaki miaka mingi wakiishika sura ya adui. Hizo ndizo seli za kumbukumbu. Wahenga walisema, aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Na mwili nao ndivyo ulivyo.

Basi kweli ya wazazi ni hiyo. Na kosa ni lipi? Ni hili: zile seli za kumbukumbu, zinazoyakumbuka magonjwa mengine aliyokwisha kuyashinda mtoto, zina mlango ule ule ambao kirusi cha surua hukipenda. Kikiingia huziharibu. Mwaka 2019 wataalamu walitangaza habari za watoto 77 wa Uholanzi, ambao hawakuchanjwa, wakaugua surua na kupona. Damu yao ilipimwa kabla na baada. Walikuwa wamepoteza kati ya asilimia 11 na 73 za aina za kingamwili walizokuwa nazo. Mtoto hupona, vipele huisha, mama hushukuru. Kumbe mwili umesahau mengi uliyojifunza kwa taabu, na kwa muda wa miaka miwili au mitatu homa ya mapafu au kuhara kwaweza kumwangusha. Huyo ndiye mtoto tumwambiaye "amekwisha kuwa salama."

Kabla ya mwaka 1963, chanjo ilipoanza kutumika Marekani, surua iliua watu wapata 2,600,000 kila mwaka duniani. Chanjo ni kirusi kile kile kilichodhoofishwa. Humwonyesha mlinzi sura ya adui, lakini hakiwezi kumnyang'anya kumbukumbu zake.

Katika Kenya na Tanzania mtoto hupewa chanjo ya kwanza akiwa na miezi 9, na ya pili akiwa na miezi 18. Wengine huuliza, kwa nini tungoje miezi 9? Ni kwa sababu mtoto huzaliwa na kingamwili alizopewa na mama yake tumboni. Hizo humlinda kwa kitambo, lakini chanjo ikija mapema mno, huishinda kabla mwili wa mtoto haujajifunza. Na ya pili hutolewa kwa ajili ya wale ambao ya kwanza haikuwashika.

Lakini kingamwili za mama hupungua siku kwa siku, na huenda zikaisha kabla ya siku ya chanjo. Katika majuma hayo mtoto hana kinga yake mwenyewe, wala ya mama. Kinga yake ni watu walio karibu naye: kaka, dada, na watoto wa jirani. Ikiwa katika kila watu 100 wapata 95 wamekingwa, surua ikija haipati njia ya kupita. Kwa hiyo mzazi anayempeleka mwanawe kuchanjwa mara mbili amemkinga pia mtoto mchanga wa nyumba ya pili, ambaye siku zake bado hazijatimia.