Minyoo na mzio

Dhana ya kitabibu kwamba minyoo wanaoishi mwilini, wakiwamo safura na wa kichocho, huweza kupunguza mzio, hasa pumu na ukurutu. Ili adumu miaka ndani ya mtu, mnyoo huutuliza mfumo wa kinga: huchochea chembe T za udhibiti na kemikali iitwayo interlukini-10, na utulivu huo huufanya mwili usihamaki mno hata kwa vumbi la nyumbani.

Wilaya za Ngara na Biharamulo, mkoani Kagera, zimo katika ukanda wa Ziwa Viktoria, ambako mkulima akiingia shambani pekupeku, mabuu ya safura hupenya ngozi ya miguu yake. Ushahidi mzito wa ukanda huu umetoka Entebbe, Uganda. Kati ya 2003 na 2005 wajawazito 2,507 waliandikishwa. Baadhi walipewa albendazo, dawa ya minyoo, wengine kidonge kisicho na dawa. Watoto wa waliotumia albendazo walipata ukurutu zaidi, matokeo yanayostahili kuzingatiwa kwa makini.

Hata hivyo, katika visiwa vya Koome, Uganda, kuwapa wavuvi dawa za minyoo mara nyingi zaidi hakukuongeza pumu wala mzio. Aina ya mnyoo nayo ina uzito: safura amehusishwa na pumu kupungua, minyoo mviringo wa tumboni na pumu kuongezeka. Nchini Uingereza, wagonjwa wa pumu walioambukizwa safura kwa makusudi hawakupata nafuu ya maana. Safura huyohuyo hunyonya damu, na kwa mjamzito upungufu wa damu ni hatari kubwa.