Gome la mti wa milimani na ushahidi wake

Mwaka 1861 Gustav Mann aliukusanya mti huu katika mlima wa Kameruni, nao ukaitwa Pygeum africanum. Kalkman aliuhamishia katika jenasi ya Prunus mwaka 1965. Hata hivyo jina la kale lingali kwenye vibandiko vya dawa, kwani biashara haina haraka ya kusahihisha istilahi. Wenyeji walikwisha kulijua gome lake. Hataza ya kutibu kwalo uvimbe wa tezi dume aliipata Mfaransa Jacques Debat, mwaka 1966.

Je, gome lafaa? Uchambuzi wa majaribio 18 yaliyohusisha wanaume 1562, uliotolewa baadaye, ulionyesha kwamba kuamka usiku kwenda haja ndogo kulipungua kwa asilimia 19. Ni nafuu, si uponyaji. Tena hakuna jaribio lililozidi siku 122, ilhali maradhi yenyewe ni ya miaka.

Mti uliochunwa gome lote kuzunguka shina hufa. Ndiyo sababu tangu 1995 mkataba wa CITES unadhibiti biashara hiyo, ikiwamo ile ya misitu ya Kivu.