Chimbuko la Elimu ya Awali Inayoongozwa na Mtoto: Mfano wa Reggio Emilia, Italia, 1945–1963

Historia ya elimu ya awali inayoongozwa na mtoto aghalabu husimuliwa kupitia majina ya wanafikra. Mfano wa Reggio Emilia, kaskazini mwa Italia, unaonesha kuwa chimbuko lake laweza kuwa jamii yenyewe. Mwaka 1945, vita vilipokwisha, wanakijiji wa Villa Cella waliuza kifaru, malori na farasi, masalia ya jeshi la Ujerumani, wakajenga shule ya watoto wadogo kwa fedha hizo. Matofali waliyatoa katika nyumba zilizobomolewa kwa mabomu. Mwalimu kijana, Loris Malaguzzi, aliposikia habari hizo alikwenda kwa baiskeli kujionea, kisha akajiunga nao.

Wazazi hao walikuwa wameishi takribani miongo miwili chini ya utawala wa Kifashisti uliotukuza utii. Kwao, mtoto anayeuliza na kusikilizwa alikuwa kinga dhidi ya udikteta kurejea. Mwaka 1963 halmashauri ya mji ilifungua shule yake ya kwanza ya awali, katika nchi ambamo elimu hiyo kwa sehemu kubwa ilikuwa mikononi mwa Kanisa. Humo swali la mtoto lilizaa mradi, naye mwalimu alisikiliza na kuweka kumbukumbu.

Kwa hiyo, kuiga karakana za sanaa na miradi ya Reggio Emilia pasipo kuwapa wazazi sauti ya kuamua ni kuchukua mbinu na kuacha sababu iliyoizaa.